MTIHANI HUU NI WA MGONJWA

Masomo ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 4:38–41, Kutoka 30:22–25, Luka 16:10–12.



Kila mwaka tarehe 18 Oktoba Kanisa letu humkumbuka Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai, anamtaja kuwa tabibu. Siku hiyo tumezoea kuwaombea waganga, wauguzi na wakunga. Ni desturi njema. Lakini mara nyingi tunamsahau mtumishi mmoja ambaye mgonjwa hukutana naye mwisho kabla ya kwenda zake nyumbani, yaani yule asimamaye nyuma ya dirisha la dawa. Leo napenda kusema neno juu yake, na hasa juu ya kijana ambaye hajawa bado mfamasia kamili. Amemaliza chuo, yumo katika mwaka wake wa utarajali, na mbele yake uko mtihani wa kusajiliwa.

Vijana wa namna hiyo wamo katika parishi nyingi. Wazazi wao huleta sadaka ya shukrani na kuomba waombewe. Na sisi twawaombeaje? Kwa kawaida twasema, "Bwana, mjalie mtoto wetu apasi." Ombi hilo si baya. Baba ameuza ng'ombe, mama amelima bustani ya mboga miaka kadhaa, wadogo zake wanangoja ada. Ni haki yao kutamani apasi. Lakini ombi hilo lina upungufu mmoja. Linamtazama mtahiniwa peke yake, wala halimtazami yule ambaye mtihani wenyewe uliwekwa kwa ajili yake. Neno langu la leo ni hilo tu: mtihani huu ni wa mgonjwa. Kijana ndiye anayeufanya, bali mgonjwa ndiye mwenye mtihani. Mkinielewa hapo, mengine yote yatafuata.

SUFURIA YA GILGALI

Twasoma katika Kitabu cha Pili cha Wafalme kwamba nabii Elisha alifika Gilgali wakati wa njaa. Wana wa manabii walikuwa wameketi mbele yake, naye akaagiza sufuria kubwa itengwe motoni, wapikiwe chakula. Mmoja wao akatoka kwenda kondeni kuchuma mboga. Akaona mmea utambaao, akachuma matunda yake ya mwitu hata nguo yake ikajaa, akarudi, akayakatakata, akayatia sufuriani. Walipoanza kula walitambua kwamba chakula kile kina mauti, wakapiga kelele.

Tumwangalie mtu yule. Hakuwa mwuaji. Hakuwa mvivu pia, maana wenzake walikuwa wameketi na yeye ndiye aliyetoka juani. Alikuwa na moyo wa kuwasaidia wenye njaa. Kosa lake Maandiko yanalitaja kwa maneno machache kabisa: hawakuyajua matunda yale. Basi tunajifunza kwamba nia njema peke yake haiondoi sumu katika sufuria. Mtu aweza kuwapenda watu kwa moyo wote, akawaua kwa kutojua.

Ni kweli, Mungu kwa mkono wa Elisha alikiponya chakula kile kwa unga, wala hakufa mtu. Ilikuwa neema. Lakini Elisha hakusema, "Basi, tangu leo chumeni msichokijua, maana unga upo." La hasha! Neema ya Mungu haikutolewa ili iwe mto wa kulalia mzembe.

PEREMENDE ZA BRADFORD

Jambo kama hilo lilitokea Uingereza, katika mji wa Bradford, mwaka 1858. Siku zile sukari ilikuwa ghali, na watengenezaji wa peremende walikuwa na tabia ya kuichanganya na unga mweupe wa jasi ili wapunguze gharama. Mtu mmoja akatumwa kwenye duka la dawa kununua unga huo. Mwenye duka alikuwa mgonjwa kitandani. Msaidizi wake kijana aliambiwa unga umo katika pipa lililo pembeni, juu darini. Akaenda, akaona pipa, akapima ratili 12, akauza. Lakini pipa alilochota halikuwa la jasi. Lilikuwa la aseniki, sumu kali, nayo pia ni unga mweupe. Peremende zikatengenezwa, zikauzwa sokoni Jumamosi jioni. Watu 20 hivi walikufa, watoto wakiwa miongoni mwao, na zaidi ya 200 waliugua.

Kijana yule naye hakuwa na nia mbaya. Alikuwa peke yake dukani, hakufundishwa vya kutosha, hakupimwa na mtu, na pipa halikuwa na maandishi ya kumwonya. Watu walishitakiwa, lakini hakuna aliyetiwa hatiani. Ndipo Waingereza walipozidi kuona kwamba haifai sumu na dawa ziwe mikononi mwa mtu yeyote tu. Mwaka 1868 Bunge lao lilipitisha sheria ya famasia: wauzao sumu zilizotajwa lazima wawe wamefanya mtihani na kuandikishwa, na chombo cha sumu kiandikwe wazi kwamba ni sumu.

Mnaona, ndugu zangu, mtihani ulitoka wapi? Haukubuniwa na watu wenye roho ngumu wapendao kuwatesa vijana. Ulizaliwa makaburini. Nyuma ya masharti yale kuna mtu aliyekula peremende, na mama aliyemzika mwanawe.

Wala tusidhani hayo ni ya kale. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa 4 za maji za watoto zilizopatikana nchini Gambia. Ndani yake zilikutwa kemikali zenye sumu zisizopaswa kuwamo katika dawa ya kunywa, na dawa hizo zilihusishwa na vifo vya watoto 66, ambao figo zao ziliharibika. Mama aliyemnywesha mwanawe kijiko cha dawa ya kikohozi alikuwa akimpenda. Hakuwa na macho ya kuona kilichomo chupani. Alitegemea macho ya wengine.

DIRISHANI PETU

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 iliunda Baraza la Famasi, lenye kazi ya kusajili wafamasia na kusimamia mwenendo wa taaluma yao. Kijana akimaliza masomo ya shahada yake chuoni, hapewi funguo za duka la dawa papo hapo. Hutumikia kwanza mwaka 1 akiwa mtarajali, chini ya mfamasia aliyesajiliwa, akijifunza kwa vitendo yale aliyoyasoma vitabuni. Kisha hupimwa kabla jina lake halijaandikwa katika rejista.

Kwa nini apimwe tena, na chuoni alikwisha kupimwa? Nimefundisha miaka mingi, na swali hili nimelisikia kwa wanafunzi wa kila namna. Jibu lake liko dirishani. Tazameni mama mmoja ametoka kijijini na mtoto mgongoni, ana cheti cha daktari mkononi. Cheti kimeandikwa kwa mwandiko asioweza kuusoma. Anapewa bahasha ya vidonge iliyoandikwa "1×3", na chupa ya dawa ya maji. Yeye hawezi kumwuliza aliye dirishani, "Mwanangu, je, wajua uzito wa mtoto huyu ni nini katika hesabu ya dawa hii? Je, umeangalia kama dawa hii inapatana na ile ninayomeza kila siku?" Hana maneno hayo. Tena ana haya, na foleni nyuma yake ni ndefu. Anaitikia tu, "Asante, daktari," anaondoka.

Basi kwa kuwa mama yule hawezi kumhoji, Baraza linamhoji kwa niaba yake. Maswali ya mtihani ni maswali ya mama yule, yamevaa suti tu. Ukiyaona hivyo, mwanangu mtarajali, hofu yako itageuka. Hutauogopa mtihani kama mwizi aogopavyo polisi. Utauheshimu kama mlinzi wa watu unaotaka kuwahudumia.

VIPIMO NI MAMBO YA MUNGU

Wako wanaofikiri kwamba hesabu za dawa ni mambo ya dunia, na mambo ya Mungu ni kuimba na kusali. Hao na wasome Kutoka sura ya 30. Mungu anampa Musa maagizo ya mafuta matakatifu, wala hasemi, "Changanya upendavyo." Anataja manemane shekeli 500, mdalasini shekeli 250, kane shekeli 250, kida shekeli 500, na mafuta ya zeituni hini 1. Tena anaagiza ichanganywe kwa kazi ya fundi ajuaye. Bwana wa mbingu na nchi hakuona aibu kutaja shekeli. Naye Yoshua bin Sira, katika kitabu ambacho Kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ya mwenendo mwema, anafundisha katika sura ya 38 kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka katika nchi, na kwamba mtengenezaji wa dawa anashiriki kazi hiyo ya kuleta afya.

Natoa mfano mwepesi, hata wazee wenzangu wataufuata. Mtoto ana uzito wa kilo 8, ana homa. Dawa ya parasetamo hutolewa kwa kadiri ya miligramu 15 kwa kila kilo moja ya uzito, basi 15 mara 8 ni 120. Chupa imeandikwa kwamba kila mililita 5 zina miligramu 120. Mtoto huyu atapewa mililita 5 kwa mara moja. Sasa kalamu ikiteleza, nukta ya desimali ikahama nafasi moja tu, mtoto ataandikiwa mililita 50, na ini lake laweza kuharibika. Katika somo la hesabu la shule ya msingi nukta iliyohama humpunguzia mtoto alama 2. Dirishani huweza kumpunguzia mtu uhai. Bwana wetu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Ni nini kilicho kidogo kuliko nukta?

JINSI YA KUJIANDAA

Sasa nasema nawe, mwanangu mtarajali, kama mwalimu mzee. Chukua yakufaayo.

Kwanza, jifunze kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Usiukate mwaka wako vipande viwili, mchana kazi na usiku mtihani, kana kwamba ni mambo mbalimbali. Kila siku chagua vyeti 3 kati ya vile ulivyohudumia. Bila kuandika jina la mgonjwa, andika ugonjwa, dawa, kipimo na siku za kutumia. Jioni fungua Mwongozo wa Taifa wa Matibabu ujiulize: kwa nini dawa hii na si ile? Ina madhara gani? Haipatani na nini? Kwa siku 6 za juma utakuwa umesoma vyeti 18, na kila kimoja kitakaa kichwani kwa sababu kina uso wa mtu.

Pili, fanya hesabu kila siku kwa mkono wako, hata kama ni 5 tu. Andika kizio kila mara, miligramu au mililita, usikiache kichwani. Ukipata jibu, jiulize kama linaingia akilini. Mtoto mchanga hanywi nusu chupa kwa mara moja. Jibu lako likisema hivyo, rudi mwanzo. Andika 0.5, usiandike .5, maana nukta iliyo peke yake haionekani. Wala usiandike 5.0 pale 5 inapotosha, maana mwenzako aweza kusoma 50.

Tatu, jizoeze kueleza kwa Kiswahili cha watu. Chukua dawa ya mseto ya malaria. Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 kwa siku 3, na yafaa ameze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Dozi ya pili ni baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza. Ukimwambia bibi yangu, "Dozi ya pili ni saa nane," ataiweka hata saa nane ya usiku, au ya mchana wa kesho! Mwambie, "Umemeza sasa saa nne asubuhi, utameza tena saa kumi na mbili jioni." Kadhalika usiseme kijiko bila kumwonyesha kijiko, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake mwenyewe alivyoelewa. Mtu asiyeweza kulieleza jambo kwa bibi kizee, hajalijua bado, hata akiwa amelikariri kwa Kiingereza.

Nne, soma pamoja na wenzako. Wawili au watatu wakikutana mara 2 kwa juma, kila mmoja afundishe somo moja. Mmoja achukue dawa za kifua kikuu, aeleze jinsi rifampisini inavyopunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, ili mama asije akapata mimba asiyoitazamia. Mwingine aeleze kwa nini oksitosini, dawa izuiayo damu kwa mama aliyejifungua, hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na yatokeayo jokofu likizimika. Atakayefundisha ndiye atakayefaidi kuliko wote.

Tano, lala. Mungu aliyeweka siku ya kupumzika aliijua akili aliyoiumba. Usiku mzima wa kahawa kabla ya mtihani humtia mtu ukungu kichwani.

MAJARIBU MAWILI

Yapo majaribu mawili ambayo sina budi kuyataja wazi.

La kwanza ni kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, kile kinachotiwa sahihi na msimamizi wako. Kazi imeandikwa kwamba umeifanya, na wewe hukuifanya. Mwenzako anakuambia, "Jaza tu, wote wanajaza." Mwanangu, ukijaza umeandika ushuhuda wa uongo kwa kalamu yako mwenyewe, na amri ya tisa haikuacha nafasi kwa vitabu vya kumbukumbu. Afadhali umwendee msimamizi wako kwa heshima, useme, "Mzee, sehemu hii sijaifanya, naomba unipange niifanye." Atakuheshimu zaidi.

La pili ni karatasi ya mtihani iliyoibwa. Kuisoma mitihani ya miaka iliyopita ili ujue namna ya kuulizwa si dhambi. Mwalimu yeyote atakushauri hivyo. Lakini mtu akija gizani na kukuambia ana maswali ya kesho, naye ataka fedha, jiulize unanunua nini. Nimesimamia mitihani mingi, na nimesikia vijana wakisema kwamba kudanganya katika mtihani hakumdhuru mtu. Pengine katika somo jingine mtu aweza kujificha nyuma ya neno hilo. Katika dawa hawezi. Ukipata usajili kwa maswali ya wizi, umemwibia yule mama wa dirishani. Alikuwa na kinga moja tu, nayo ni kwamba hakuna asiyejua atakayeruhusiwa kumpa dawa. Wewe umeivunja kinga hiyo, na yeye hajui. Atakuja kwako na mtoto wake mgongoni, akuamini kwa sababu ya cheti kilichotundikwa ukutani.

KUSEMA: MAUTI IMO

Nataka turudi mara moja kwenye sufuria ile ya Gilgali. Wana wa manabii waliokolewa na nini? Kabla ya unga ulikuwapo ukelele. Kama wangeona haya mbele ya nabii, wakala kimya, wangalikufa kwa adabu nzuri.

Kazi ya mfamasia ni pamoja na ukelele huo. Ipo dawa iitwayo methotreksati, inayotumika pia kwa ugonjwa wa viungo. Kwa wagonjwa hao hutolewa mara 1 kwa juma. Imepata kutokea katika nchi mbalimbali kwamba iliandikwa au ilimezwa kila siku, na wagonjwa wakafa. Siku moja cheti cha namna hiyo chaweza kuja mikononi mwa mtarajali, kimeandikwa na daktari bingwa mwenye mvi. Kijana atafanyaje? Asikitupe, asimdharau mkubwa wake mbele ya mgonjwa. Lakini asitoe dawa. Amwite msimamizi wake, au aende mwenyewe kwa adabu aseme, "Shikamoo, daktari. Naomba kuhakikisha cheti hiki. Je, ulikusudia kila siku au kila juma?" Hayo ni maneno machache. Ujasiri wa kuyasema hautoki hewani, bali hutoka katika kujua kwa hakika. Asiyejua hunyamaza, au hupiga kelele pasipo sababu. Ndiyo maana nasema usome: siku ile ukweli utahitaji mtu wa kuusema, na mtu huyo aweza kuwa wewe.

KAMA HUKUFAULU

Wapo watakaofanya yote haya na bado jina lao lisionekane katika orodha ya waliofaulu. Neno langu kwao ni hili. Mtihani hukupima kama uko tayari leo kusimama peke yako dirishani. Haukupima kama wewe ni mtu, wala kama Mungu anakupenda. Wanafunzi 70 waliporudi kwa furaha kubwa wakieleza kazi walizozitenda, Bwana wetu aliwaambia wafurahi zaidi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Jina lako liliitwa kisimani siku ya ubatizo wako, kabla hujajua kusoma. Rejista ya Baraza ni kitabu cha heshima, lakini si Kitabu cha Uzima.

Basi lia siku moja au mbili, kisha utazame ulipopungukiwa. Ni hesabu? Ni sheria? Ni kueleza? Rudi hapo kwa utaratibu, ujiandae kufanya tena. Mgonjwa hatapata hasara kwa kuwa ulichelewa ukajua. Angepata hasara kama ungaliwahi bila kujua.

Na sisi wa parishi tunalo letu. Tusiwe watu wa kusimama nje ya kanisa baada ya ibada na kuuliza kwa sauti, "Je, yule mtoto wa fulani alipasi?" Mzazi asimhesabie kijana ng'ombe waliouzwa kila anapoketi mezani, anajua idadi yao kuliko sisi. Umoja wa Akina Mama na vijana wa kwaya wamwalike, wamlishe, wamwachie chumba cha utulivu cha kusomea ikiwa nyumbani kwao kuna watu wengi. Tena sisi wenyewe tuache kumjaribu. Mara ngapi twamwendea kijana wa jirani aliye mtarajali, twamwambia, "Mwanangu, nipe vidonge vya kuua vijidudu, cheti nitaleta kesho"? Akikataa twasema ana maringo. Kumbe anatulinda, maana dawa zikitumiwa ovyo vijidudu huzizoea, na siku ya ugonjwa mkubwa hazifanyi kazi. Tukimlazimisha atende yasiyo haki kwa ajili ya ujirani, tutamlaumu kwa uso gani atakapoyatenda kwa ajili ya fedha?

Basi, ndugu zangu, mtarajali wa parishi yenu akija kuomba aombewe kwa ajili ya mtihani wake, msiombe apasi tu. Ombeni ajue. Ombeni awe mkweli. Ombeni siku moja mama asiyemjua aondoke dirishani na dawa iliyo sawa, kwa kipimo kilicho sawa, na maneno aliyoyaelewa, akafika nyumbani, mtoto akapona, wala mama asijue kwamba ipo hatari iliyompita. Kazi nzuri ya mfamasia mara nyingi haionekani hivyo. Baba yetu aonaye sirini anaiona.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyeziumba dawa katika nchi na kuwapa wanadamu akili ya kuzijua, uwatazame watumishi wako walio katika mwaka wa utarajali. Uwape bidii wanaposoma, uangalifu wanapopima, ukweli wanapoandika, na ujasiri wanapoona hatari. Uwalinde wagonjwa wanaotegemea mikono yao. Waliofaulu uwape unyenyekevu. Wasiofaulu uwape nguvu ya kuanza tena. Nasi sote utupe subira ya kuwasaidia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, Mponyaji wa mwili na roho. Amina.

Mwalimu mstaafu